Antena ya nje: vijiti vinne lakini simu haitoki. Wajuzi wa mtandao huku mwambao wa Tanganyika, tatizo liko wapi?

#1 Wakala wa Mwambao
Mwakeye wakuu.

Niko mwambao wa kusini, wilaya ya Uvinza, kijiji sikitaji maana baadhi ya wateja wangu wamo humu. Nina duka na ni wakala wa miamala. Mlima uko mgongoni, ziwa usoni, mtandao ni wa kuotea. Zamani palikuwa na jiwe ufukweni, ukisimama juu yake unapata kijiti kimoja mpaka viwili. Ziwa lilipojaa miaka ile ya 2020 na 2021 jiwe likazama, tukahamia kwenye kichuguu nyuma ya kanisa. Nimetolea watu hela nikiwa juu ya kichuguu, mkono juu kama naapishwa, mteja kanishikia kofia.

Mwezi jana nikasema basi. Nikaagiza antena ile ya mifupa ya samaki, Yagi, vyuma kumi na viwili, na waya wake mweusi mita 15. Nikaifunga kwenye bomba la maji la chuma, urefu mita 9 hivi, nikaelekeza ziwani kwa sababu lile jiwe lilikuwa upande wa ziwa. Waya umeshuka mpaka ndani kwenye ruta ya laini, Huawei B315, yenye matundu mawili mgongoni. Nimechomeka tundu moja.

Ruta ikaonyesha vijiti vinne. Mama watoto akapiga vigelegele, jirani akaja na laini yake. Kupiga simu sasa: inafikiri, inafikiri, inakata. Menyu ya miamala inaleta "ombi limeshindikana". Intaneti inafungua nusu ya ukurasa inaganda.

Vijiti vinne vya nini kama simu haitoki? Naomba kuwasilisha.

#2 Kigoda Mbele
Nimeweka kigoda. Waje mafundi.

#3 Fundi Dishi Kasulu
Mkuu, jibu umeliandika mwenyewe: waya mweusi uliokuja nayo. Hizo waya nyembamba za kwenye boksi ndizo zinazomaliza watu. Kama ni ule mwembamba kama waya wa earphone, kwenye masafa ya megahezi 900 unakula karibu desibeli moja (ndicho kipimo cha mawimbi kuongezeka au kupungua nguvu) kila mita. Mita 15, desibeli 15. Antena yenyewe, hata wakiandika 25 kwenye boksi, ikikupa 11 au 12 ya kweli shukuru Mungu. Maana yake umepanda ngazi kumi na mbili ukashuka kumi na tano.

Tafuta waya wa dishi, RG6. Nimefunga Kasulu, Buhigwe mpaka Kibondo, sijawahi kujuta.

#4 Mchana Asali
Mwangaluka. Sisi Kaliua hatujafika huko kwa mabomba. Simu inakaa ndani ya sufuria, sufuria inaelekezwa mnara ulipo, unaweka spika. Miaka yote tunaongea na wanunuzi wa asali. Ninyi watu wa mwisho wa reli mnapenda gharama.

#5 Injinia Mstaafu
#3 uko sawa kwa sehemu. Muulize kwanza unene. Kama ni milimita 5, huo ni RG58, hasara yake ni kama nusu desibeli kwa mita, kwa hiyo 7 au 8 kwa mita 15. Kama ni chini ya milimita 3 ndio balaa unalolisema. Ila RG6 ni waya wa ohm 75 na ruta ni ya ohm 50, havioani.

#4, wimbi la 900 lina urefu wa sentimita 33. Sufuria yako ya sentimita 25 haliioni kama ungo, linaiona kama kikombe. Kilichokusaidia ni kuiweka simu pahala pamoja bila kuishika mkononi. Kiganja cha mtu kinakula mawimbi kuliko unavyodhani.

Sasa kwa mleta mada. Vijiti vinapima unachokisikia, havipimi unavyosikika. Mnara unapaza sauti kwa wati 20, wengine 40. Simu ya 2G kwenye 900 inajibu kwa wati 2 za juu kabisa, na kifaa cha 4G kwa sehemu ya tano ya wati moja. Ni kama mtu mwenye kipaza sauti msikitini anaongea nawe uko shambani: wewe unamsikia vizuri, yeye hajui hata kama upo.

#6 Binti Ujiji
Injinia, mfano wa msikiti umenikosha. Ila mbona watu wanasema antena inasaidia pande zote mbili, kusikia na kusema? Kama ni hivyo hoja yako ya kipaza sauti inapungua nguvu.

#7 Injinia Mstaafu
Kweli, antena isiyo na umeme inaongeza pande zote mbili kwa kiasi kilekile. Na waya mbovu unapunguza pande zote mbili kwa kiasi kilekile. Lakini aliyeanza akiwa nyuma atabaki nyuma. Mnara una ziada ya kupoteza, ruta haina.

#8 Mwalimu wa Fizikia Nzega
Kusahihisha kidogo #5. Ohm 75 kwenye ohm 50: hasara ya kutokuoana haifiki robo desibeli. Piga hesabu mwenyewe. RG6 kwenye 900 inapoteza kama 0.2 kwa mita, mita 15 ni desibeli 3. Hata ukiongeza hiyo robo bado umeiacha RG58 mbali. Fundi wa Kasulu yuko sahihi, hata kama hakujua kwa nini.

#9 Fundi Dishi Kasulu
"Hata kama hakujua kwa nini." Asante mwalimu, nimepokea cheti changu.

#10 Mvuvi wa Mwezi Mchanga
Naomba niseme kitu ambacho nimekiona kwa macho. Sisi tunavua dagaa usiku, mwezi ukiwa mchanga, mbali kabisa, taa za Kigoma zimekuwa vumbi la mwanga. Huko katikati simu inasoma vizuri kabisa, hakuna mti, hakuna mlima. Ukipiga haiendi. Ukipigiwa haiiti. Tunarudi nchi kavu saa kumi na moja alfajiri, kufika mahali fulani, sijui panaitwaje, simu zote kwenye mtumbwi zinaanza kulia meseji kwa wakati mmoja kama kuku wamefunguliwa. Vijiti havikuongezeka hata kimoja. Ni vilevile.

Kwa hiyo hayo ya waya mimi siyajui, mtumbwini hatuna waya.

#11 Injinia Mstaafu
#10 umetoa ushahidi wa maana kuliko sisi wote. Hiyo ina sababu yake. Kwenye 2G, simu inapewa zamu ya kusema, muda mfupi mno, na lazima sauti yake ifike mnarani ndani ya zamu hiyo. Mnara unamwambia kila mtu awahi kiasi gani kulingana na umbali. Hatua ziko 63, kila moja kama mita 550. Zikiisha, umefika kilomita 35. Ukiwa kilomita 36, unasikia mnara vizuri tu, lakini sauti yako inafika imechelewa, inaangukia kwenye zamu ya mwenzako, mnara unakutupa. Upo mpangilio wa kurefusha mpaka zaidi ya hapo, mnara ukiwekwa hivyo unafika hata kilomita 100 na ushee, ila unapunguza idadi ya wanaoweza kuongea kwa pamoja, kwa hiyo si kila mahali wanauweka.

Sasa angalia: mnara wa mita 40 ulio usawa wa ziwa na antena ya mita 9 vinaonana juu ya maji mpaka kama kilomita 38, mviringo wa dunia ukiwa umehesabiwa. Ukiwa mlimani, mbali zaidi. Kwa hiyo kuna eneo ambalo unaona lakini huruhusiwi kusema. Mleta mada, ruta yako inaandika 2G, 3G au 4G? Ingia 192.168.8.1 utuletee namba, achana na vijiti.

#12 Kigoda Mbele
Eneo la kuona bila kuruhusiwa kusema. Hiyo ni ndoa yangu.

#13 Binti Ujiji
Wote mmesahau kitu. Mtu kaelekeza antena ziwani! Ng'ambo ya ziwa ni wapi? Ni Kongo. Kwanza angalia jina la mtandao uliosoma, usije ukawa unapiga hodi kwa watu.

Mimi yalinikuta. Nilikwenda kwa shangazi Kagunga, mpakani kabisa na Burundi. Kurudi boti ilikuwa inaondoka saa mbili asubuhi. Nikaweka kengele ya simu saa kumi na mbili na nusu, nikalala kwa amani. Usiku simu ikajishika mtandao wa ng'ambo, saa ikajirudisha nyuma saa nzima, maana wenzetu wako saa moja nyuma yetu. Nimeamka, simu inasema kumi na mbili na nusu, jua linasema jingine. Nikaoga taratibu, nikanywa chai na mihogo. Kufika ufukweni boti ni nukta. Shangazi akasema kumbe hukujua, sisi hapa saa ya simu hatuiamini, tunaamini ya msikitini.

Tangu hapo nikiwa mwambao nazima ile ya kujipangia saa, na mtandao nauchagua kwa mkono.

#14 Mzee wa Behewa
Hiyo ya saa ni kweli tupu. Mimi salio la elfu tano liliisha kwa meseji za "karibu nchini kwetu" nikiwa nimelala kitandani kwangu Kibirizi.

#15 Mchana Asali
Acheni chai. Meseji ya kukaribishwa haikati salio.

#16 Mzee wa Behewa
Bando la intaneti lilikuwa wazi. Chai weka kwako na asali yako.

#17 Wakala wa Mwambao
Asanteni wakuu. Nimeingia kwenye ukurasa wa ruta. Jina la mtandao ni langu, wa hapahapa. Imeandika 2G, mara chache 3G, 4G sijaiona. Jioni kuanzia saa kumi na mbili nimeona mara mbili jina geni, la Kifaransa Kifaransa hivi, likapotea. Waya nimeupima kwa kupanga milimita za rula ya mwanangu: ni kama 5. Mnara ulipo sijui, mlima umeziba, wengine wanasema uko upande wa Ilagala, wengine wanasema kusini.

#18 Fundi Dishi Kasulu
Swali dogo. Vyuma vya antena vimelala au vimesimama?

#19 Wakala wa Mwambao
Vimelala, kama antena ya TV.

#20 Fundi Dishi Kasulu
Hapo! Simamisha. Simu si TV. Vyuma viende juu na chini.

#21 Mwalimu wa Fizikia Nzega
Minara mingi ya sasa haisimami wala hailali, antena zake ndani ya lile boksi jeupe refu zimekaa mshazari, moja nyuzi 45 huku, nyingine nyuzi 45 kule. Ukilaza unapoteza nusu, ukisimamisha unapoteza nusu. Ukitaka haki, lala mshazari.

#22 Fundi Dishi Kasulu
Minara ya Dar hiyo. Huku kuna iliyofungwa tangu enzi za simu za mkonga. Asimamishe.

#23 Tumbaku Urambo
Habari za mchana. Mimi siamini habari za ziwa wala mshazari. Niko Urambo, antena ninayo mwaka wa tatu, haijaguswa hata na kunguru. Kiangazi, mwezi wa saba na wa nane, miyombo imepukutika, naongea na mtoto Mwanza kwa picha. Mvua ikianza, Novemba kwenda mbele, napata 2G ya kubembeleza. Antena ileile, waya uleule, mnara uleule. Kwa hiyo kinachokula mtandao ni mvua.

#24 Injinia Mstaafu
Si mvua, ni majani. Mvua yenyewe kwenye masafa ya simu haifanyi kitu cha maana, inaanza kusumbua masafa ya juu huko ya gigahezi 10 na kuendelea, ndiyo maana dishi la TV linakata mvua ikinyesha na simu haikati. Lakini pori la miyombo lililovaa majani mabichi yaliyolowa ni ukuta. Pandisha antena ivuke vilele vya miti uone.

#25 Tumbaku Urambo
Miyombo inavaa majani kabla ya mvua, mkuu, mwezi wa tisa na wa kumi, na rangi zake nyekundu. Wewe pori unalijua kwa dirisha la treni. Kama ni majani, mbona mwezi wa kumi mtandao wangu bado mzuri?

#26 Injinia Mstaafu
Majani machanga, hayajakomaa, hayana maji mengi.

#27 Tumbaku Urambo
Haya. Kila ukibanwa unapata jani jingine.

#28 Mlinzi wa Mnara
Nawacheka. Nalinda mnara mmoja, mkoa sitaji, kampuni sitaji. Masika jua halionekani siku tatu, sola hazijazi betri, jenereta haina mafuta mpaka mtu wa mafuta apite, na barabara haipitiki. Ikifika usiku mnara unapunguza, 4G na 3G zinazimwa kwanza, inabaki 2G. Ninyi mko huko mnahesabu majani.

#29 Binti Ujiji
#28 ametupa ya moyoni. Ila kwa mleta mada mbona tatizo lake ni hata mchana wa jua kali?

#30 Mwalimu wa Fizikia Nzega
Kwa wa ziwani kuna kitu kingine ambacho hakijatajwa: maji yenyewe. Wimbi linafika kwako kwa njia mbili, moja moja kwa moja, nyingine imegonga uso wa ziwa ikaruka. Zikikutana zikiwa zimepishana vibaya zinauana. Unaweza kuwa na antena mita 9 pakawa kaburi, ukashusha mpaka mita 7 pakawa peponi. Ajaribu kupandisha na kushusha taratibu, mtu mwingine anasoma namba.

Na lingine, B315 ina matundu mawili kwa sababu 4G inataka antena mbili. Ukichomeka moja, la pili linabaki linatumia kiantena cha ndani au kukaa bure. Kwa 2G si hoja, ila siku akipata 4G asishangae.

#31 Boosta za Uhakika
Wakuu msihangaike, ninazo boosta, unaweka ndani nyumba nzima inajaa mtandao. Njoo inbox, bei ya kuzungumza.

#32 Injinia Mstaafu
#31, hizo zimeidhinishwa na TCRA, wasimamizi wa mawasiliano? Onyesha. Boosta mbovu ikiwa antena yake ya ndani inasikilizana na ya nje, inaanza kupiga mayowe yenyewe kama spika ya harusini mic ikisogezwa karibu. Mayowe hayo yanaingia mnarani na kukata mtandao wa kata nzima. Halafu watu wanasema mtandao mbovu, kumbe ni jirani.

#33 Kigoda Mbele
Muuza boosta kapotea kama mtandao wa mleta mada.

#34 Mwembeni Sikonge
Jamani kwa sisi tusio na hela za Yagi, dawa ni hii. Simu moja ya bei rahisi, washa hotspoti, funga kwenye mfuko wa plastiki, pandisha kwa kamba juu ya mwembe kama bendera. Powabenki ndani ya mfuko. Chini unatumia simu yako kwa waifai, meseji zinaenda kwa intaneti. Waya sifuri, hasara ya waya sifuri. Nimefanya hivi zahanati fulani huku, wanatuma taarifa zao za mwezi bila kupanda baiskeli.

Hasara zake: mchana simu inaungua jua inajizima, kwa hiyo tafuta tawi lenye kivuli. Na msimu wa maembe watoto wakirusha mawe hawachagui.

#35 Mchana Asali
Hiyo sasa ndiyo akili ya Unyamwezini! Mnaona? Mwembe tu.

#36 Mwalimu wa Fizikia Nzega
#34 kwa kweli ni suluhisho safi kuliko mengi humu. Waya wa USB nao unafanya hivyohivyo, modemu unaipandisha juu kabisa, mwisho mita 5 bila kikuza, zaidi ya hapo kompyuta haiioni.

#37 Yanga Damu
Nimesoma kichwa haraka nikaona "antena ya Yanga" nikaja mbio. Hiyo Yagi ni nini?

#38 Injinia Mstaafu
Ni jina la Mjapani, profesa Hidetsugu Yagi. Kazi kubwa aliifanya mwenzake Shintaro Uda mwaka 1926, ila dunia ikashika jina la bosi.

#39 Yanga Damu
Kama kawaida ya mabosi.

#40 Mama Kibondo
Mimi si fundi, ila nimesoma "bomba la chuma mita 9" na "mwambao wa Tanganyika" kwenye sentensi moja moyo ukaniruka. Baba yangu mdogo alifunga bomba kama hilo la TV. Radi ya Novemba ilishukia humo, ikafuata waya, ikatoka kwenye tundu la TV ukutani. TV ikapasuka, redio ikapasuka, sahani za kabatini zikapasuka, mbuzi wawili waliofungwa karibu na bomba wakafa wamesimama. Watu walikuwa jikoni nje, ndiyo pona yao. Waya wa chini mkuu! Shaba nene, fimbo ya chuma ardhini, na wingu likifunga chomoa kabisa.

#41 Mchana Asali
Mbuzi kufa wamesimama?

#42 Mama Kibondo
Wameegemeana. Nilikuwepo.

#43 Mzee wa Behewa
Tumia mti wa mwanzi badala ya bomba, radi haipendi mwanzi.

#44 Mwalimu wa Fizikia Nzega
Mwanzi ukilowa na waya wa shaba uko pembeni yake, radi haina shida nao. Fuata ya #40.

#45 Tumbaku Urambo
Na radi ya kutumwa je? Hiyo fimbo ya shaba inaizuia?

#46 Kigoda Mbele
Hapo tumuite mtu wa Sumbawanga, injinia hana kifungu hicho.

#47 Mlinzi wa Mnara
Tukirudi kwenye mada, avumilie tu. Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilisaini mikataba ya minara 758 mwaka 2023, vijijini. Huenda wake umo.

#48 Binti Ujiji
Avumilie mpaka kichuguu nacho kizame?

#49 Wakala wa Mwambao
Wakuu, nimerudi, siku kumi na mbili baadaye. Samahani kwa kimya, mnajua sababu.

Binti Ujiji kanitumia kwa boti waya wa RG6 mita 12 na vichwa vya kubadilishia, Mungu ambariki, hela nimemrudishia. Jumamosi nimeshusha bomba na vijana wawili. Nikabadilisha waya. Vyuma nikavisimamisha kama alivyosema Fundi. Shaba ya chini nimeweka, Mama Kibondo, fimbo nimegongelea mpaka imegoma. Tulipopandisha, mwanangu yuko kwenye ruta anapiga kelele namba, mimi nazungusha bomba kwa spana ya mabomba, robo kwa robo. Ziwani: vijiti vinne. Kuzungusha kuelekea kusini, kwenye bega la mlima: vikashuka mpaka viwili. Nikataka kurudisha. Mwanangu akasema baba subiri, simu inaita.

Ilikuwa inaita kweli. Mteja wa dagaa kutoka Kasulu. Tumeongea dakika sita, sauti safi, vijiti viwili. Ukurasa unaandika 3G. Miamala inapita nikiwa nimekaa kwenye kiti, kofia nimevaa mwenyewe.

#50 Injinia Mstaafu
Nilisema! Ziwani ulikuwa unasikia mnara wa mbali, nje ya kilomita 35. Kusini una mnara wa karibu unaochungulia bega la mlima. Dhaifu lakini wa karibu.

#51 Fundi Dishi Kasulu
Nilisema! Waya. Umetoka kupoteza 7 umeingia kupoteza 2 na ushee.

#52 Mwalimu wa Fizikia Nzega
Mnasema nini ninyi? Kabadilisha vitu vitatu kwa mpigo: waya, vyuma, uelekeo. Tena antena haiangalii tena maji, hoja yangu ya #30 nayo imo. Mkuu, rudisha vyuma vilale, uelekeo uleule, utuambie.

#53 Mvuvi wa Mwezi Mchanga
Au airudishe antena ziwani kwa waya mpya. Ikigoma, ni ile ya umbali. Ikikubali, ni waya.

#54 Tumbaku Urambo
Na aangalie Novemba majani yakijaa kwenye hilo bega la mlima. Ndipo tutaongea.

#55 Wakala wa Mwambao
Nawaheshimu sana ila mmechelewa. Jana nilimwambia mama watoto napandisha tena kidogo, nijaribu kulaza vyuma kwa ajili ya mwalimu. Leo asubuhi spana haionekani. Nimemuuliza, ananiambia kwani simu haiiti?

#56 Fundi Dishi Kasulu
Spana ya ukubwa gani? Ninayo ya ziada, nakutumia kwa boti.

#57 Wakala wa Mwambao
Usitume. Anasoma huu uzi.